Upande wa Kushoto wa Lori la Baba Yako

Saida mwanangu,

Nimeiweka barua hii juu ya mto wako ili uisome leo ukirudi kutoka Mtinko, kabla hujalala. Kesho alfajiri sitaki tuzungumze mambo mazito. Kesho nataka nikusaidie kupakia mizigo, nikuombee dua, nikupungie mkono, halafu niingie ndani nilie vizuri bila kuharakishwa na mtu.

Umekwenda kumuaga bibi yako na najua hatakuachia mapema. Atakulisha mpaka mkanda wa gari ukatae kufunga. Baba yako naye ameshaondoka mchana huu na lori lake, kama ulivyoona. Kwa hiyo nyumba nzima nimebaki na kuku, na kuku hawaniulizi kwa nini mtu mzima anamwandikia barua mtoto anayelala chumba cha pili. Wewe utaniuliza. Jibu ni kwamba mdomo wangu unaujua. Naanza kwa upole, na kabla sijafika mwisho nimeshakuwa mkali, na mimi nikiwa mkali wewe unanyamaza. Karatasi ina subira kuliko sisi wawili.

Sitakuandikia ule nini huko Kibaha, wala uamke saa ngapi, wala uwajibu vipi wakubwa zako pale kituo cha afya. Hayo kama hukuyapata kwangu miaka yote hii, hutayapata leo. Nataka kukuandikia habari za barabara. Kesho kwa mara ya kwanza utakiendesha kile kigari chako peke yako kutoka hapa Singida mpaka huko, na njia nzima utakuwa na malori, mbele yako na nyuma yako. Ukikaribia mwisho wa safari, pale barabara inapokuwa pana yenye njia nyingi, yatakuwa ubavuni kwako pia, kulia moja na kushoto jingine, na wewe katikati kama punje ya mtama. Naogopa, mwanangu. Nimejaribu kutafuta neno la kishujaa zaidi nimelikosa.

Umekulia nyumba ya ajabu kidogo. Baba dereva wa lori la tela, mama dereva wa kirikuu, kile kipikapu chetu kidogo cha kubebea kuku na madumu ya mafuta ya alizeti. Kila baba yako alipokuwa nyumbani, mkekani hapakukosa ugomvi. Yeye atasema watu wa magari madogo hawana adabu, mimi nitasema malori yenu yanajiona yamezaliwa na barabara, na wewe unacheka mpaka mlenda unakutoka puani. Ulidhani ni michezo yetu, na mara nyingi ilikuwa hivyo.

Nilipojifunza kuendesha nilikuwa na kiburi, nisikufiche. Katika safu yetu ya maduka pale sokoni hapakuwa na mwanamke mwingine aliyeshika usukani, na wanaume walikuwa wakitoka nje kuangalia ninavyorudi nyuma, wakisubiri nigonge. Sikugonga. Kwa hiyo nikajiona nimefuzu. Lori kwangu lilikuwa kama wale wanaume: jitu lililoziba mlango, na dawa yake ni kulipita na kulionyesha mgongo.

Siku moja nilikuwa natoka gulioni Issuna. Mbele yangu kulikuwa na lori limeshiba mzigo, linajikokota. Nikalipita, nikaingia mbele yake, na pale pale nikamwona mtu kando ya barabara ameinua majogoo mawili. Wewe mwenyewe unajua, mtu wa Singida akiona jogoo aliyenona mguu unakwenda kwenye breki bila kuomba ruhusa. Nikakanyaga. Nyuma yangu ikalia honi ndefu ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yanauma. Lile lori likanikwepa kwa kulia, likapita upande usio wake, upande ambao kwa rehema ya Mungu peke yake haukuwa na gari, likaenda kusimama mbali kule mbele na vumbi lake.

Dereva akashuka, mzee wa makamo. Mimi nikajiandaa kwa matusi na yangu nikayaweka tayari. Lakini nilipomwona anakuja na kandambili moja, nyingine ameiacha kwenye lori, kilichonitoka ni shikamoo.

“Marahaba, mama,” akasema. “Nina tani thelathini mgongoni. Zikishaanza kwenda, mimi mwenyewe hazinisikii. Wewe ulidhani zitakusikia?”

Akarudi kwenye lori lake taratibu, akijishikilia ngazi kama mgonjwa. Jogoo nilimnunua. Ndivyo nilivyokuwa wakati ule.

Jioni nikamsimulia baba yako, tena kwa majigambo, kwamba malori yenu leo yalitaka kuniua. Akaliweka tonge chini. Akaniuliza niliingia mbele ya yule mzee kwa umbali gani. Nikamwambia nafasi ilikuwepo, mbele yake palikuwa peupe kabisa.

“Pale peupe ndiyo breki yake, Mama Saida,” akasema. “Dereva wa lori anaiacha makusudi, kwa sababu hasimami papo hapo kama wewe. Umekwenda kukaa ndani ya breki ya mtu.”

Nikamcheka. Nikamwambia basi breki zenu ni kubwa kuliko kiwanja cha mpira. Akacheka na yeye, maana baba yako hajui kukaa na hasira, lakini lile tonge hakulirudia. Nimeyakumbuka maneno yale mara nyingi kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kusikia. Kesho ukiona pengo kubwa mbele ya lori, ujue lina mwenyewe. Hata wenzako wakilijaza wote, wewe usiende kukaa pale.

Sasa nakuja kwenye ile siku unayoijua.

Unaikumbuka honi ya baba yako. Nyumba yetu kuwa karibu na barabara kuu ilikuwa neema na adhabu, kwa sababu mara nyingi alikuwa anapita tu, mzigo unasubiriwa, haruhusiwi kusimama. Kwa hiyo alikuwa anapiga honi tatu fupi, na wewe popote ulipo, chooni, sebuleni kwa majirani, juu ya mipera ya watu, unaitika kwa nguvu zako zote: “Pita salama, Baba!” Hakuwa anasikia. Mama Elia, aliyekuwa anauza vitunguu njia ya Manyoni, alikuwa anasema mtoto huyu angekuwa mwadhini kama angekuwa wa kiume.

Siku alizoruhusiwa kupumzika, alikuwa anapiga honi zile zile kisha anakwenda kuegesha kwenye paking ya malori, nje kidogo ya mji, mbele ya meza ya Mama Elia. Mimi nafunga chakula kwenye hotpoti, nakupakia kwenye kirikuu, tunamfuata. Wakati ule ulikuwa na miaka sita. Kazi yako ilikuwa kupakata hotpoti, na hukukubali mtu mwingine aishike.

Siku ile tulichelewa kidogo kutoka, nikakimbiza gari, tukamkuta karibu kabisa na geti la paking. Geti liko kushoto. Nikaona amewasha indiketa ya kushoto, halafu nikaona lori linaegemea kulia, linaniachia upande wa kushoto wote mweupe. Mwanangu, lori refu halikati kona kama kirikuu. Tela linafuata kwa ndani, likikata mkato, na dereva asipokipeleka kichwa cha lori kulia kwanza, magurudumu ya nyuma yatapanda mtaroni. Mimi mke wa dereva sikulijua hilo. Nililojua ni tabia ya mume wangu. Nyumbani ukikutana naye ukumbini umebeba ndoo, anajibana ukutani hadi upite. Nikasema moyoni, ameniona, ananipisha nikaandae chakula kabla hajashuka. Nikaingia kushoto.

Tela lilipoanza kuja halikuja kwa kasi. Watu hawaniamini nikiwaambia. Lilikuja polepole, kama mlango unaofungwa na mtu asiyejua kwamba pana kidole. Mlango wa upande wangu ukaanza kulia, kioo kikapasuka, kirikuu kikasukumwa kikainama mtaroni, na bado linakuja. Napiga honi, lakini honi ya kirikuu mbele ya injini ile ni mbu. Wewe hukulia. Ulikumbatia hotpoti ukaniangalia tu, unasubiri nikuambie kama hili ni jambo la kulia au si la kulia.

Aliyetuokoa ni Mama Elia. Aliacha vitunguu vyake, akakimbilia mbele ya lori, akaivua kanga ya begani na kuitandaza kwa mikono miwili. Baba yako akasimama. Akashuka upande wake wa kulia, akamwendea Mama Elia na kumuuliza ana shida gani, kuna mgonjwa? Saida, hakujua. Yule mama akanyoosha kidole tu. Baba yako akazunguka mbele ya lori lake, akakiona kirikuu.

Hakupiga kelele. Alikaa chini, pale pale kwenye kokoto, kama mtu aliyeambiwa akae. Kisha akainuka, akakutoa dirishani na hotpoti lako. Lilikuwa limebonyea na mchuzi umekuunguza mkono, ndilo hilo kovu unalowaambia wenzako kuwa ni ramani ya Ziwa Tanganyika.

Kwa wageni tunaisimulia hadithi hii kama kichekesho. Baba alikuwa na njaa akataka kula hotpoti, na wewe ulikataa kuliachia. Tunacheka, na kucheka ni shukrani pia. Lakini iko sehemu inayofuata ambayo wageni hawaipati, na wewe nadhani unaikumbuka nusu.

Majirani walikuja kutupa pole, na kila aliyeingia alisema ajali haina kinga. Baba yako akawa anaitikia. Siku ya mwisho alichoka, akamjibu mmoja wao kwa adabu, “Hii ilikuwa na kinga, ndugu yangu.” Mimi nikasikia vibaya. Nikadhani ananisema mbele za watu. Wageni walipotoka nikamuuliza swali nililolibeba tangu siku ile.

“Hukutuona? Mkeo na mwanao, hukutuona?”

“Sikuwaona,” akasema.

“Kirikuu cheupe, mchana kweupe.”

“Sikuwaona, Mama Saida. Wallahi sikuwaona.”

Mimi nikalichukua jibu lake nikalifuga. Nilitaka aseme alisinzia, au alikuwa kwenye simu, jambo la kukosea ili nimsamehe. Kutuona hakutuona tu, basi nikasema sisi si kitu kwake. Mtu unayempenda utamhisi hata gizani, ndivyo nilivyoamini. Nikanuna, na mimi nikinuna nanuna kama kiangazi. Namwekea chakula nimefunika, naondoka. Anaondoka safari simsindikizi mlangoni.

Na alipopita akapiga honi tatu, sikuitika. Wewe siku ya kwanza uliitika kama kawaida, nikakuwekea kiganja mdomoni. Siku ya pili uliziba mdomo mwenyewe kwa mikono yako miwili, ukinitazama kama umefanya vizuri. Nilikuacha uzibe. Kuingia kushoto kwa lori nilikosea kwa kutojua, lakini hilo la kukuziba mdomo nililifanya nikijua. Katika makosa yangu yote ndilo ninalolijutia zaidi, kwa sababu nilikutumia wewe kumpiga baba yako.

Hakunijibu kwa maneno. Alirudi safari moja, lori likiwa tupu, akaliegesha hapa kwenye uwanja wa jirani. Akaja jikoni akasema, “Njoo mara moja.” Nikaenda nimeshika mwiko. Akafungua mlango wa dereva akaniambia panda. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kukaa kiti kile. Niliona paa za nyumba na mipera ya majirani, nikaona nimekuwa mkubwa kuliko wote, na nikafurahi kwa siri.

“Angalia kioo cha kushoto,” akasema. “Usiondoe macho.”

Akakushika mkono, mkazunguka hadi nyuma ya tela. Nikawaona kwenye kioo, wadogo kama picha ya kitambulisho. Mkaanza kuja mbele polepole, ubavuni mwa lori. Wewe ulikuwa unarukaruka, umevaa lile gauni la njano, unaimba nyimbo zenu za shule. Mkawa mnakua kwenye kioo, mnakua, nikaanza kuona na uso wako. Halafu mkapotea.

Nikainama, nikanyoosha shingo. Nikaangalia dirisha la kushoto, nikaona anga. Nikaangalia mbele, uwanja mtupu. Na nilikuwa nakusikia, mwanangu. Nilikusikia unaimba chini yangu hapo hapo, karibu kama ulivyo karibu unapolala begani kwangu, na sikukuona.

“Mko wapi?” nikauliza.

“Hapa hapa,” baba yako akajibu.

Nikashuka, nikazunguka, mwiko bado mkononi. Mlikuwa mmesimama usawa wa mlango wa kushoto, mmeshikana mikono, na wewe umejibanza kwenye tairi unadhani tunacheza kujificha. Umefurahi mno kwamba Mama amekukosa. Baba yako akanitazama akasema, “Siku ile mlikuwa hapa.” Basi. Hakusema unaona sasa. Nililia pale mbele ya mtoto na mbele ya majirani, na jioni ile nilimpakulia kwa mkono wangu na nikakaa naye mpaka akamaliza.

Anayekupenda naye anaangalia kwa kioo, Saida, na kioo kina mahali kinapokomea. Nilichelewa kulijua hili kwa sababu nilitaka mapenzi yafanye kazi ya macho. Mtu anayetupenda kuliko wote waliowahi kushika usukani katika nchi hii alikuwa anatusaga na hajui. Sasa kesho utakuwa ubavuni kwa watu wasiojua hata jina lako.

Miaka ya baadaye, ulipokuwa bwenini, nilisafiri naye mara moja hadi Dar es Salaam, nikakaa kile kiti cha kushoto. Tulipoingia kwenye ile barabara pana ya Kibaha nikaacha kuongea, nawe unajua hiyo ni habari kubwa. Magari madogo yalikuwa yametuzunguka kama vifaranga kwenye miguu ya ng'ombe. Mengine yanapita kulia, mengine kushoto, mengine yanakwenda nasi sambamba bila sababu, mtu ametulia ubavuni kwetu anasikiliza redio yake. Kutoka juu nilikuwa nawaona wote ndani. Nilimwona mwanamke anakula hindi. Nilimwona baba amegeuka nyuma anamkemea mtoto.

Mara gari moja likaja kushoto, likakaa usawa wa mlango wangu, halitangulii wala halibaki. Kiti cha nyuma kulikuwa na mtoto amelala, shavu limebanwa kwenye kioo, mdomo wazi. Baba yako alikuwa anataka kuhamia kushoto. Ameshawasha indiketa, ameangalia kioo chake, na kwenye kioo chake hakukuwa na kitu.

“Baba Saida,” nikasema, “kuna mtoto.”

Akaurudisha usukani, akatulia katika njia yake. Lile gari likakaa nasi kidogo tena, kisha likaenda zake. Dereva wake hakujua lolote na hatajua. Kisha baba yako akasema, kama anaongea na barabara, “Siku nyingi kiti hicho hakina mtu.”

Ndiyo maana naandika. Siwezi kukaa kiti cha kushoto cha kila lori utakalokutana nalo.

Kwa hiyo ukitaka kulipita, lipite. Usikae ubavuni unajishauri. Pita kulia, usilipite kushoto hata wenzako wakifanya hivyo na wakafika salama mbele ya macho yako. Ukiona lori limeegemea upande ambao hukuutarajia, usiseme ananipisha. Mimi nilisema hivyo kwa mume wangu wa ndoa. Na huku kwetu kwenye barabara ya kupishana, umeshazoea madereva wa malori kukupa indiketa ya kushoto, maana yake mbele kupo wazi, pita. Baba yako ameacha kuwapa watu. Alimpa mtu mara moja, na mbele kukatokea bodaboda aliyekuwa amefichwa na bonde. Walipona wote, lakini alisema hataki tena kuona kwa niaba ya mtu mwingine. Ukipewa, shukuru, kisha tazama kwa macho yako mwenyewe.

Unaona, nimeanza kuhubiri. Niache kidogo nikakusanye kuku.

Nimerudi. Kuna jambo jingine nataka kuliandika, na halimo barabarani tu. Wewe, mwanangu, ni mtu wa kukaa ubavuni. Tangu utoto. Ukiumwa hukusema, ulikuja kukaa karibu nami jikoni ukisubiri nigundue, na nisipogundua ulinuna. Hilo umelitoa kwangu, baba yako hana. Kule uendako utakuwa na wakubwa wa kazi, utakuwa na marafiki, na siku moja inshallah utakuwa na mume, na wengi wao watakuwa wamebeba mzigo ambao hauuoni. Watakuumiza bila kukuona. Kabla hujasema hawanipendi, angalia kwanza umekaa wapi. Sogea mahali wanapoweza kukuona, useme kitu. Mimi nilikaa miezi ubavuni kwa mtu mwema nikisubiri anihisi, na hasara nimeshakusimulia.

Sasa habari za kesho.

Baba yako hakuondoka leo kwa bahati. Alibadilishana safari na mwenzake ili awe mbele yako njiani. Hakukuambia kwa sababu alijua utasema mimi si mtoto, na ungekuwa na haki. Leo atalala mahali mbele ya Dodoma, na kwa mahesabu yake, wewe na kigari chako mtamkuta jioni kwenye barabara pana, yeye yuko njia ya kushoto anakwenda mwendo wake. Lori unalijua, lile turubali la kijani lenye kiraka cheusi nyuma.

Alipokuwa anaondoka ulimwona alivyokushika kichwa akasema nenda mama, akapanda. Wewe ukaona kwamba amekuaga kwa ufupi. Kabla ya hapo alikuja jikoni, akasimama mlangoni, akaniambia:

“Mwambie Saida akinikuta asinisimamishe. Asije ubavuni kunisalimia. Akae nyuma, mbali, mpaka auone uso wangu kwenye kioo changu. Akiuona uso wangu, na mimi namwona. Halafu apite kulia, asikawie, na asirudi mbele yangu mpaka aone lori zima kwenye kioo chake cha kati.”

Nikamuuliza, “Na kusalimiana je? Mtoto anakwenda mbali.”

“Apite tu,” akasema. “Nataka nimwone anavyopita.”

Nikageukia sufuria, nikajifanya naangalia mboga.

Kwa hiyo kesho, mama, fanya kama alivyosema. Ukae nyuma hata kama unamwonea shauku. Utafute uso wake kwenye kioo kile. Utauona, umezeeka kidogo, una kofia ya kufuma niliyomtengenezea. Ukishauona, washa indiketa yako, pita, uende. Kisha tazama kioo cha kati, na lori likishaonekana lote, taa zote mbili na uso wake wote, utasikia honi tatu fupi.

Usigeuke. Mikono yote miwili ibaki kwenye usukani. Miaka yote yeye alikuwa anapita na sisi tunabaki, kesho wewe ndiye unayepita na yeye anabaki nyuma. Lakini muitikie, Saida. Muitikie kwa nguvu zako zote, ndani ya kigari chako, hata kama hasikii. Mara hii hakuna mtu atakayekuziba mdomo.

Mama yako,
niliyebaki na kuku.